Omena Mbele ya Wakwe

Je, mwenye boma katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, anaweza kuwaandalia wakwe dagaa wa omena, mboga za kienyeji na ugali wa mtama, nao wakaondoka wakisema wamepokelewa vizuri? Liulize swali hilo pale mjini Mbita, sokoni au kwenye steji ya matatu, utajibiwa kwanza kwa kicheko. Kicheko hicho kina mengi ndani yake. Anayecheka hakatai kwamba chakula hicho kina afya. Amekisikia kikisifiwa redioni na kwenye zahanati, na yeye mwenyewe amekila Jumanne iliyopita bila malalamiko. Anachokataa ni kukiweka mezani siku ya watu. Ikifika posa, harusi, matanga au Krismasi, watoto wa kisiwa wanaporudi kutoka Nairobi na Mombasa, omena hurudishwa guniani na osuga, yaani mnavu, hubaki shambani, nafasi yao ikachukuliwa na pilau, chapati, nyama ya kukaanga, kuku na kreti za soda zilizopangwa kando ya tenti. Dai langu ni kwamba kinachozuia karamu zetu kuwa na chakula chepesi cha afya si ladha, na si fedha pia. Ni kipimo cha heshima, na kipimo hicho kina umri mdogo kuliko tunavyodhani. Kwa kuwa ni rahisi kumshinda asiyekuwepo, nitawaita wasemaji wanne waje kunipinga: mama mwenye boma, mzee wa ukoo, kijana aliyerudi kutoka Nairobi, na mpishi. Hao si watu fulani. Ni sauti zinazosikika katika kila boma lenye tenti. Mpishi nimemweka mwisho kwa makusudi, maana ndiye ninayemwogopa.

"Mwanangu," anaanza mama mwenye boma, "mkwe hapewi chakula cha Jumanne. Ametoka mbali, amevaa suti, amekuja kuona mtoto wake ameoana na watu wa namna gani. Nikimwekea omena atasema ama tumemdharau ama tumefilisika. Chakula kinasema, na omena inasema sina."

Kweli, chakula kinasema. Lakini tujiulize ni lini pilau na chapati zilijifunza kusema "ninacho" katika ufuo huu wa ziwa. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901, na nyuma yake yakaja maduka ya Wahindi yaliyosambaa hadi kwenye bandari ndogo za ziwa, yakiuza sukari, majani ya chai, mchele na unga wa ngano. Vyakula vya majiko ya Wahindi na ya watu wa pwani vilipanda bara kwa njia hiyo. Hata ugali mweupe wa mahindi, ambao leo tunauapia kana kwamba babu wa babu aliuacha katika wosia, uliishika sahani ya Nyanza katika karne ya 20. Kabla yake visiwa hivi vikavu vilikula mtama na wimbi, na muhogo ukaja kusaidia. Sasa kwa nini chapati ilipewa kiti cha mbele? Kwa sababu ilikuwa adimu. Unga wa ngano ulinunuliwa kwa fedha taslimu, mafuta yalitoka kwenye mkebe, na mtoto aliyekula chapati Krismasi aliisubiri nyingine mwaka mzima. Mwenyeji aliyempa mgeni chapati alimwambia kwamba ametoa kisichopatikana. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na haina kosa. Kosa limekuja baadaye, dunia ilipogeuka na kipimo kikabaki palepale. Leo chapati inauzwa kando ya barabara asubuhi na jioni, soda imejaa katika kila kioski, na mchele unapimwa kwa kilo dukani bila mtu kugeuza shingo. Vilivyo adimu sasa ni vingine: ngege mkubwa aliyetoka majini alfajiri hiyo, mboga ya dek iliyochumwa ikiwa changa, samli iliyosukwa nyumbani, unga wa wimbi usiochanganywa na kitu. Mama akitaka kumpa mkwe kisichopatikana Nairobi, asitafute kwenye duka la jumla. Mkwe mwenyewe amekula pilau katika harusi tatu mwezi huu.

Mzee wa ukoo hukohoa hapo, kwa sababu neno "desturi" ni lake. "Ukoo hauketi bila fahali kuanguka," anasema. "Hivyo ndivyo tulivyokuta, na desturi haipimwi kwa mizani ya daktari." Mzee wangu, fahali sina ugomvi naye. Nina ugomvi na yale yaliyomfuata. Katika upishi wa zamani nyama ya mnyama mmoja iligawanywa kwa watu wengi, ikachemshwa kwa maji na chumvi, na iliyobaki ikaanikwa juani ikawa aliya ya kupikwa siku nyingine. Kipande kilikuwa kidogo, ugali ulikuwa mkubwa, mboga ilikuwepo. Leo fahali huyohuyo hukaangwa kwa mafuta mengi, akawekwa juu ya wali wenye mafuta mengine, pembeni pana kuku aliyezamishwa katika karai, na kinachoitwa mboga ni kabichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Hayo yote yakiitwa desturi, basi desturi ina umri wa mtungi wa gesi. Tena, mahali pa kudai kwamba mila haibadiliki si Rusinga. Wasuba walivuka kuja hapa kutoka upande wa Uganda ya leo wakiwa na lugha yao ya Kibantu. Wajukuu wao wengi sasa huzungumza Dholuo, na UNESCO imekitaja Kisuba miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Jamii iliyobadilisha hata ulimi wa kusemea haiwezi kuniambia kwamba ulimi wa kuonjea umefungwa. Wala si kila kilichobadilika ni cha kulilia. Jamii nyingi za magharibi mwa Kenya zilikuwa na miiko iliyowanyima wanawake kuku na mayai, na sidhani kuna msichana atakayeomba irudishwe. Kwa hiyo sisimami upande wa kale kwa sababu ni kale. Nasema tu kwamba mzee akichagua katika mila, achague kwa macho mawili.

Na uchaguzi wenyewe umeshaanza, isipokuwa umefanyika mahali pasipofaa. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza kazi ya Kenya ya kukuza vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Hapa kisiwani, tamasha la Rusinga la kila Desemba huvipa vyakula vya Wasuba nafasi pamoja na ngoma na lugha, na wageni huja na kamera. Jambo jema. Ila chakula kinachoonyeshwa tamashani kisha kikafichwa harusini kimekwisha kuhamia makumbusho, karibu na ile mifupa ya nyani wa kale ambayo Mary Leakey aliichimbua hapahapa mwaka 1948.

Kijana wa Nairobi hana haja na historia. Hoja yake ni fupi na ndiyo yenye nguvu kuliko zote za upande wa ulaji: "Siku moja haimuui mtu. Kuleni mtama wenu mwaka mzima, mtuachie sherehe." Ingekuwa kweli siku ni moja, ningemwachia. Lakini hebu tumfuate mzee mmoja wa miaka 60 kwa msimu mmoja. Ijumaa au Jumamosi yupo mazishini, na kwa mtu wa umri wake karibu kila wiki kuna mazishi ya kuhudhuria. Jumapili pana harambee au kumkaribisha mtumishi wa kanisa. Desemba ni posa na harusi mfululizo. Kwake yeye karamu ni chakula cha kila wiki, na yeye ndiye anayepakuliwa kwanza na kuongezewa, kwa heshima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba takriban robo ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na shinikizo la damu lililopanda, na kwamba asilimia 94 hawakuwa wakila kiasi cha matunda na mboga kinachopendekezwa kwa siku. Chukua tenti ya watu 200 ufanye hesabu. Wenye presha hapo wanaweza kujaza matatu mawili na zaidi, na si wote wanaojijua. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa milo yote pamoja. Sahani ya sherehe ina chumvi ya pilau, chumvi ya mchuzi, chumvi ya chapati, na ile iliyojificha katika unga wa mchuzi wa pakiti unaomwagwa katika kila sufuria. Soda moja ya mililita 300 ina sukari karibu gramu 30. Mbili zinapita gramu 50 ambazo shirika hilohilo linaziweka kuwa ukomo wa siku kwa mtu mzima wa kawaida. Tunamheshimu mzee kwa kumjazia sahani ambayo daktari wake wa Homa Bay angemnyang'anya.

Lakini hata nikiacha presha na sukari, kuna jambo ambalo kijana halioni kwa sababu yeye ni zao lake. Sherehe ni darasa. Mtoto hafundishwi kwa maneno kipi ni chakula kizuri. Huangalia kinachotokea wageni wanapoonekana kwenye njia ya kupandia bomani. Akiona osuga inafunikwa na kusukumwa chini ya meza, amekwisha kuelewa. Atakapopata mshahara wake wa kwanza, atanunua alichokiona kikiletwa mbele, siyo kilichofichwa, na atakinunua hata Jumanne. Siku ile moja ndiyo inayoandika nyingine 364.

Kijana ana risasi nyingine: bei. "Samaki sasa ni ghali kuliko nyama, na hata hapa ziwani unaletewa samaki wa barafu kutoka China." Sehemu ya maneno hayo ni kweli chungu. Samaki aitwaye mbuta alipandikizwa katika ziwa kuanzia miaka ya 1950, akaenea kwa kishindo katika miaka ya 1980, akazimaliza aina nyingi za samaki wadogo wa asili. Viwanda vikachukua minofu yake kuipeleka Ulaya, na wenyeji wakaachiwa mgongo wazi, ile mifupa yenye kichwa inayokaangwa na kuuzwa mitaani Kisumu. Ngege mkubwa kweli ana bei. Kwa hiyo sisemi kila mgeni apewe ngege mzima. Nasema tuitazame omena upya. Inavuliwa usiku kwa taa, inaanikwa asubuhi ufuoni Litare na fuo nyingine za kisiwa, na huliwa nzima, mifupa kwa kichwa, ndiyo maana inampa mlaji kalsiamu ambayo mnofu hauwezi kumpa. Sehemu kubwa ya omena ya ziwa hili hugeuzwa kuwa chakula cha mifugo. Yaani yule kuku wa kizungu anayeletwa kwa matatu kutoka mjini kwa ajili ya wakwe, huenda amenona kwa omena ileile tuliyoona haya kuipika. Tumemlipa kuku atulie samaki wetu.

Zipo sababu nyingine ndogo zinazoipendelea omena, na moja yake ni ya kidini. Waadventista walifungua misheni yao Gendia mwaka 1906, na tangu hapo wamekuwa wengi Nyanza Kusini. Wao hawali samaki wasio na magamba, hivyo mumi atagawanya meza. Omena na ngege wana magamba, na meza inabaki moja. Kuhusu mboga, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mboga za asili, ambazo zamani zilihesabiwa kama magugu, zina lishe inayopita ya kabichi, na mwaka 2010 kazi yake ilimpatia tuzo ya Umoja wa Afrika. Wimbi nao una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, mara nyingi ya ile iliyo katika mahindi. Sisemi kwamba mnavu unatibu kisukari; wanaosema hivyo kwa kawaida wana chupa ya kuuza.

Sasa mpishi. Amekaa kimya muda wote, mwiko mkononi, na akianza hasemi kwa upole. "Ninyi mnaoandika mnasema chakula rahisi. Rahisi kwa nani? Mmewahi kuchambua dek ya watu 200, jani kwa jani? Mmewahi kuitoa omena mchanga, maji baada ya maji, na maji yenyewe yamebebwa kichwani? Mmesonga ugali wa mtama katika sufuria ya wanaume wawili? Mnataka afya ya mzee, na mgongo wangu hamuujui." Hoja hii siwezi kuipita kwa tabasamu. Ni kweli kwamba maandishi mengi kuhusu chakula chepesi humpima mlaji pekee. Kama mlo wa afya unamlaza mpishi siku mbili, basi umehamisha ugonjwa kutoka tentini kwenda jikoni.

Hebu basi tuifanyie kazi yenyewe hesabu, tukianza na chapati, ambayo hakuna anayeilalamikia. Wageni 150, chapati mbili kila mmoja, ni chapati 300. Ukizipa dakika mbili tu kila moja juu ya kikaango kimoja, hizo ni saa 10 za kusimama mbele ya moto, mbali na kukanda, kukata madonge na kusukuma. Kazi hiyo haiwezi kufanywa wiki iliyotangulia, na si kila mtu anaijua. Wanawake wawili watatu wenye mkono huibeba peke yao usiku kucha, ndio maana asubuhi ya harusi huwaoni wakicheza. Dek na osuga zina tabia tofauti kabisa. Upishi wake wa asili ni wa siku kadhaa: huchemshwa, huongezwa maziwa, huachwa, huchemshwa tena kesho yake, na uchungu hulainika kila mara zinaporudi motoni. Hii ni mboga iliyobuniwa kana kwamba aliyeibuni alikuwa na sherehe Jumamosi na alitaka kulala Ijumaa. Kuchambua kweli ni kazi ndefu, lakini ni kazi ya kukaa, haihitaji ujuzi, na watu kumi wenye habari za kupeana huimaliza kabla habari hazijaisha. Omena ikinunuliwa kwa wanaoianika juu ya vichanja au nyavu, badala ya mchangani, nusu ya ugomvi wake na maji imekwisha. Inabaki kuoshwa kwa maji ya moto, kukaushwa na kupikwa kwa nyanya, kitunguu na mafuta kidogo, tena kidogo kweli. Ngege wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu hamalizi nusu saa. Ugali ndio mzito, nakubali; ukisongwa katika sufuria tatu za wastani badala ya moja ya majigambo, mikono ya kawaida huuweza.

Lakini uzito mkubwa kuliko wote, na hapa nadhani mpishi na mimi tunaanza kuelewana, ni idadi ya sufuria. Sherehe ya siku hizi haihesabiwi kuwa sherehe kama hakuna aina nane za chakula, na kila aina ina moto wake, mwiko wake na mtu wake. Punguza ziwe nne: ugali wa mtama, samaki, mboga ya maziwa, na matunda ya msimu, papai au maembe ya Desemba. Hapo neno "rahisi" linapata maana kwa pande zote mbili za meza. Mpishi ananikumbusha, na ana haki, kwamba mboga ya siku mbili isiyorudishwa motoni mpaka itokote ni hatari, hasa ufuoni ambako kipindupindu kimewahi kubisha hodi zaidi ya mara moja. Ichemshwe upya kila siku, ifunikwe, na maji ya kunawa yawepo mlangoni mwa tenti kabla ya chochote kingine. Ananikumbusha pia kwamba samli na maziwa ni mafuta vilevile. Kijiko basi, wala si kikombe.

Bado hajaridhika, na masharti yake mawili ndiyo yaliyonifanya nione nilichokuwa nimekikosa. La kwanza: hao vijana kutoka Nairobi, wanaofika Alhamisi na kukaa na simu zao chini ya mwembe, wapewe dek waichambue, wavulana kwa wasichana. La pili ni zito zaidi. Kila sherehe ina tenti mbili, ya umati na ya wageni waalikwa wenye viti vya kitambaa. Kama omena itakwenda kwa umati na kuku kwa waalikwa, asema mpishi, basi bora isipikwe kabisa, kwa sababu hapo itakuwa imetangazwa rasmi kuwa chakula cha wanyonge. Ianzie kwenye tenti ya wakwe, kutoka sufuria ileile, na mwenye boma akae hapo aile kwanza wakimtazama. Kipimo cha heshima kiliwekwa na waliokaa mbele, na ni wao pekee wanaoweza kukisogeza. Mzee amenyamaza, jambo ambalo kwake ni nusu ya kukubali. Kijana anauliza kama dek ina miiba. Mama mwenye boma ametulia kidogo, kisha akauliza kuhusu jogoo aliyekwisha kufungwa kamba mguuni tangu asubuhi. Achemshwe, mama, na ile pakiti ya unga wa mchuzi ibaki dukani.